Mjamzito na ajira: Haki isiyodaiwa kwa wakati hupotea

UPO usemi uliozoeleka mno katika maduka, migahawa na nyumba za wageni za mji wa Tunduma. Binti akishaonekana tumbo limekuwa kubwa, mwajiri humwambia kwa sauti ya upole: "Nenda kapumzike mwanangu, ukishajifungua tutaonana." Binti hushukuru, akaaga wenzake, akaondoka. Hapewi mshahara wa miezi hiyo wala karatasi yoyote. Akirudi na mtoto mgongoni hukuta nafasi yake imeshachukuliwa na mwingine, na hapo ndipo huambiwa: "Mimi sikukufukuza, wewe mwenyewe ulienda kupumzika."

Ndugu msomaji, maneno hayo yanasikika kama huruma, lakini kisheria yana jina jingine. Katika makala haya nakusudia kueleza, kwa lugha ya kawaida, haki alizonazo mwanamke aliyeajiriwa tangu anaposhika mimba hadi anaporudi kazini na mtoto mchanga. Jambo ninalotaka ulishike ni moja: sheria ya nchi yetu inamlinda mjamzito vizuri kuliko wengi wanavyodhani, lakini inamlinda kwa karatasi na kwa tarehe. Asiyezijua tarehe hizo hupoteza haki yake huku akiwa nayo mkononi.

Nani anaitwa mfanyakazi?

Sheria inayohusika kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, pamoja na marekebisho yake, yakiwemo ya mwaka 2025. Namba za vifungu nitakazozitaja ni kama zilivyokuwa sheria ilipotungwa.

Kina dada wengi hapa kwetu wakisikia neno "sheria ya kazi" hudhani ni mambo ya walimu, wauguzi na watu wa ofisi za mkoa kule Vwawa. Husema: "Sisi tunaouza maduka ya watu hatuna mikataba." Hili ni kosa la kwanza, na ndilo linalowaponza wengi.

Sheria haisemi kwamba asiye na mkataba wa maandishi si mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, imeweka alama kadhaa za kumtambua mfanyakazi. Mathalani, kazi yake inaongozwa na mtu mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mtu huyo, anapewa vifaa vya kufanyia kazi, anamtegemea mtu huyo kwa riziki yake, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ikipatikana hata alama moja, anahesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Basi muuza duka, mpishi wa mgahawa, mhudumu wa gesti, karani wa wakala wa forodha na mfanyakazi wa ndani, wote wamo.

Kadhalika, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi: kazi gani, kuanzia lini, mshahara kiasi gani, likizo vipi. Mwajiri asipoweza kuonyesha maandishi hayo panapotokea shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Kwa hiyo yule anayejivunia kwamba "hatukuandikiana chochote" ajue kuwa ukosefu wa karatasi unaweza kumdhuru yeye kabla ya kumdhuru mfanyakazi.

Kuna sharti la muda. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hastahili likizo ya malipo. Hata hivyo, mfanyakazi wa msimu hakuachwa nje, na hili ni muhimu kwa mkoa wa Songwe ambako kina mama wengi wa Mbozi huajiriwa wakati wa kahawa. Pia aliyemfanyia kazi mwajiri yuleyule kwa vipindi zaidi ya kimoja katika mwaka, na vipindi hivyo vikijumlishwa vikazidi miezi sita, naye anastahili. Ile desturi ya kumsimamisha mtu wiki mbili kisha kumrudisha ili aonekane mgeni kila mara haimwondolei haki hiyo.

Siku 84 na mshahara wake

Tuje kwenye likizo yenyewe, ambayo imeelezwa katika kifungu cha 33.

Kwanza, mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri nia yake ya kwenda likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na taarifa hiyo iambatane na cheti cha daktari. Hii ndiyo tarehe ya kwanza ya kuzingatia. Wengi huficha mimba kwa hofu ya kufukuzwa mpaka mwezi wa nane, na kwa kufanya hivyo hujinyima ushahidi. Andika barua, hata ya mistari mitatu, kwa mkono. Ibaki nakala kwako, ikiwezekana iliyosainiwa na aliyeipokea.

Pili, anaweza kuanza likizo wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe ya matazamio, au mapema zaidi iwapo daktari atathibitisha kuwa afya yake au ya mtoto inahitaji hivyo.

Tatu, likizo ni siku zisizopungua 84 zenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Chukua mfano wa dada anayelipwa shilingi 260,000 kwa mwezi. Siku 84 ni wiki 12, na mshahara wa wiki hizo ni takriban shilingi 720,000. Hizo si zawadi ya mwajiri wala sadaka. Ni ujira wake.

Nne, haruhusiwi kurudi kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kuwa anafaa. Mwajiri anayempigia simu mzazi wa wiki mbili aje "ashike duka kidogo tu" anavunja sheria hata kama mzazi mwenyewe amekubali.

Tano, iwapo mtoto atafariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mama anastahili siku nyingine 84 za malipo katika mzunguko uleule wa likizo akijifungua tena. Na kwa aliyejifungua mtoto njiti, marekebisho ya mwaka 2025 yamemwongezea muda, kwa sababu mama huyo humaliza wiki nyingi hospitalini kabla hajaanza kumlea mtoto nyumbani.

Sita, likizo ya uzazi haili likizo ya mwaka. Kifungu cha 31 kinamkataza mwajiri kumpa mfanyakazi likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili. Anayeambiwa "siku zako 28 tumeshazihesabu humo" anadhulumiwa.

Ipo mipaka pia, na ni uadilifu kuitaja. Likizo hii ya malipo hutolewa mara moja katika mzunguko wa miezi 36, na mzunguko huo huhesabiwa tangu siku ya kuajiriwa, si tangu siku ya kujifungua. Tena mwajiri mmoja hawajibiki kulipa zaidi ya likizo nne za uzazi kwa mfanyakazi mmoja. Mwenye kupanga uzazi wake na azijue hesabu hizi mapema.

Baba naye hakusahauliwa. Kifungu cha 34 kinampa siku zisizopungua tatu za malipo, mradi azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ni chache, lakini ni zake, na wengi hawazidai.

Kazi za usiku na kazi za hatari

Tunduma ni mji usiolala. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupanga foleni usiku kucha, na kwa ajili hiyo migahawa na nyumba za wageni nazo hukesha. Ni lazima basi tufahamu kifungu cha 20. Kwa sheria, usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mjamzito hapaswi kupangiwa wala kuruhusiwa kufanya kazi saa hizo katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, na hata kabla ya hapo kama ana cheti cha daktari. Baada ya kujifungua, marufuku hiyo huendelea kwa miezi miwili, isipokuwa mama mwenyewe aombe na daktari aridhie.

Aidha, mjamzito au mama anayenyonyesha hapaswi kupewa kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto: kubeba magunia, kushughulika na dawa za kuulia wadudu, kuvuta moshi wa jikoni kutwa nzima. Kama kazi yake ya kawaida ni ya namna hiyo, mwajiri anatakiwa ampe kazi nyingine inayofaa, pale inapowezekana, kwa masharti yasiyo duni kuliko ya awali. Kumhamisha kutoka ghalani kwenda kaunta kisha kumpunguzia mshahara hakukubaliki.

Ubaguzi nao umekatazwa. Kifungu cha 7 kimeutaja ujauzito waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu, na katazo hilo linawahusu hata wanaoomba kazi. Kwa hiyo kumtaka binti apime mimba ndipo umwajiri, au kumwambia "tunataka asiye na mpango wa kuzaa", ni kosa.

"Sikukufukuza, ulienda kupumzika"

Sasa turudi kwenye kauli ya mwajiri wetu. Kifungu cha 36 kimeeleza maana ya kuachishwa kazi, na miongoni mwa maana zake ni mwajiri kukataa kumruhusu mfanyakazi aanze tena kazi baada ya likizo ya uzazi. Yaani si lazima neno "nimekufukuza" litamkwe. Kumzuia kurudi ndiko kumfukuza. Na kifungu cha 37 kinasema kuachishwa kazi kwa sababu inayohusiana na ujauzito si halali. Anaporudi anarudi kwenye masharti yaleyale aliyoyaacha, na kama ananyonyesha apewe nafasi ya kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku.

Hapa inakuja tarehe ya pili, iliyo kali kuliko zote. Aliyeachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kupeleka lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku 30, si miezi mitatu. Na kwa madai mengine ya kazi, kama vile mshahara wa likizo ambao haukulipwa, muda ni siku 60.

Nimeshuhudia siku hizo zikipotea. Binti mmoja wa mtaani kwetu aliuza duka la jumla zaidi ya miaka miwili. Alipojifungua na kurudi, bosi wake alimwambia asubiri, "nitakuita". Akasubiri. Kila akipiga simu anajibiwa vizuri: wiki ijayo, mwisho wa mwezi, baada ya mzigo kuingia. Aliponijia, zilikuwa zimepita siku 47. Mkataba hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni jumbe za simu za mshahara aliotumiwa kila mwezi kutoka namba ileile, kadi ya kliniki, na daftari la mauzo lenye mwandiko wake. Ilibidi kwanza aombe kuongezewa muda kwa kueleza sababu za kuchelewa, na bahati nzuri zile ahadi za "nitakuita" zilikuwa bado zimo kwenye simu yake. Akakubaliwa. Walipokaa mbele ya msuluhishi, mwajiri hakubisha sana, alikubali kumlipa. Lakini kazi hakuirudia, na mtoto alikuwa amekwishanyonya miezi kadhaa ya dhiki, mama akiishi kwa kukopa unga kwa majirani.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, ahadi tamu ya mwajiri haisimamishi siku zisihesabiwe. La pili, ushahidi si lazima uwe mkataba wenye muhuri. Jumbe za malipo, kadi ya kliniki, picha, daftari na mashahidi wa mtaani vyote vina uzito. Usifute jumbe hizo.

Utaratibu wa Tume hauhitaji wakili wala fedha nyingi. Unajaza fomu ya lalamiko, nakala anapelekewa mwajiri, kisha mnaitwa kwa usuluhishi ambao kwa kawaida hutakiwa kumalizika ndani ya siku 30. Mkishindwa kuelewana, shauri huenda kwenye uamuzi. Mfanyakazi akishinda anaweza kurejeshwa kazini, kuajiriwa upya au kulipwa fidia. Asiyejua pa kuanzia na aende kwa ofisa kazi wa mkoa. Walio katika vyama vya wafanyakazi wamwone kiongozi wao wa tawi.

Fao la NSSF

Mbali na mshahara wa mwajiri, lipo fao la uzazi la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 36, ambapo 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua, hulipwa kwa wiki 12 kulingana na wastani wa kipato chake. Fao hili ni haki ya mwanachama na halimwondolei mwajiri wajibu wake.

Tatizo liko kwenye michango. Jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya hiyo. Wapo waajiri wanaokata na wasipeleke. Dada usisubiri mimba ndipo uulize. Nenda ofisi ya NSSF na namba yako, tazama michango imeingia miezi mingapi. Na wewe unayejiajiri, mwenye genge au cherehani, mlango wa kujiunga kwa hiari uko wazi.

Neno kwa wavuka mpaka

Wapo mabinti zetu wanaolala Tunduma na kufanya kazi Nakonde, ng'ambo ya pili. Hao wajue kwamba kazi ya Nakonde iko chini ya sheria ya Zambia. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2019 inatoa wiki 14, na mshahara kamili ni kwa aliyemtumikia mwajiri huyo miezi 24 mfululizo. Wenye ndugu Zanzibar nao wajue kuwa huko sheria ni nyingine, Namba 11 ya mwaka 2005, na siku ni 90. Usidai Nakonde kwa sheria ya Dodoma.

Kwetu sisi wenye maduka

Nimalizie na upande ambao hatupendi kuusema. Wengi wa waajiri ninaowazungumzia hatuwapati mbali. Ni sisi wenyewe: wenye maduka, wenye migahawa, wenye shule na madrasa zinazoajiri ustadhati. Tunaswali safu moja na baba wa binti tuliyemwambia "kapumzike".

Najua hoja ya mwenye duka dogo: "Nitamlipaje aliyeko nyumbani, na wakati huohuo nimlipe aliyeshika nafasi yake?" Ni hoja ya kweli, na si ya kubezwa. Mkataba wa kimataifa wa kulinda uzazi wa mwaka 2000, Namba 183, unataka mzigo huu ubebwe na mifuko ya hifadhi ya jamii au fedha za umma, usimwangukie mwajiri mmoja mmoja. Mimi naona huko ndiko nchi yetu inakopaswa kuelekea, maana mzigo ukimlemea mwajiri peke yake, dawa rahisi anayoiona ni kutoajiri wanawake kabisa. Lakini mpaka hapo, sheria ni hii tuliyonayo. Mwenye duka anaarifiwa miezi mitatu kabla. Huo ni muda wa kuweka akiba kidogo kidogo na kutafuta msaidizi wa muda, huku akimweleza waziwazi kwa maandishi kuwa nafasi ina mwenyewe.

Na Muislamu ana jambo la ziada la kutafakari. Qur'an imezungumzia kunyonyesha kwa miaka miwili kamili katika Suratul Baqara, aya ya 233, na katika Surat Talaaq, aya ya 6, imeamrisha matumizi kwa mjamzito aliyeachwa na ujira kwa mwenye kunyonyesha, hata pale ndoa ilipokwisha. Kama haki hiyo haifutiki kwa talaka, vipi ifutike kwa sababu tu tumbo limeonekana nyuma ya kaunta?

Wapo pia watakaosema kuwa dawa ni mwanamke kukaa nyumbani. Wenye kusema hivyo waende wakatazame ni wajane wangapi, na walioachwa na watoto wangapi, wanaouza maduka ya mji huu. Hata yule mwenye mume, matumizi ni juu ya mume, lakini ujira alioutolea jasho ni mali yake.

Ombi langu kwa viongozi wa misikiti na walimu wa darasa za kina mama ni dogo. Tengeni siku moja, mwiteni ofisa kazi na mtu wa NSSF, waelezwe kina mama yale mambo matatu ya tarehe: miezi mitatu ya taarifa, siku 84 za likizo, siku 30 za kulalamika. Waelezwe na waajiri, wakae palepale wasikie. Na dada unayesoma haya ukiwa na mimba ya mwezi wa tano au wa sita, usingoje darasa hilo. Chukua kalamu leo, andika barua yako, peleka nakala, na nyingine iweke pamoja na kadi ya kliniki.

Wabillahi tawfiq.